Mama Dirisha na Benchi la Korido

Ndugu wafiwa, majirani wa mtaa wetu, madaktari na wauguzi mliofanya kazi na marehemu, na wewe Mkurugenzi wa hospitali uliyeketishwa mstari wa mbele, familia imemchagua mdogo wake wa mwisho asome historia hii, si kwa sababu anasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu kaka zake wawili waliijaribu jana pale sebuleni na wote wakashindwa, mmoja kwa kulia na mwingine kwa hasira, na huyu wa mwisho akaonekana ana vyote viwili kwa kiasi cha kuvumilika. Tunaomba utulivu, tunaomba simu zizimwe, na tunaomba kila mtu abaki pale alipoketishwa mpaka tumalize.

Dada yetu, ambaye mtaani na kazini mlimzoea kwa jina la Mama Dirisha, alizaliwa Jumatatu tarehe 12 Februari 1968, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba fundi wa mabehewa na mama mshonaji wa sare za shule. Alizaliwa na kifua chepesi, pumu ikamwandama tangu akiwa anatambaa, na mafua ambayo sisi wengine tuliyafuta kwa kiganja na kurudi kucheza, yeye yalimlaza kitandani wiki nzima akipumua kwa mluzi, mama akiwa amemweka wima kifuani. Siku moja kaka mkubwa, kwa utani wa kijinga, alimpigia chafya ya makusudi usoni, naye akaugua, akapona, akabeba godoro la kaka huyo akalitandika barazani, na kila lilipoingizwa ndani akalitoa tena, mpaka kaka alipomwomba radhi mbele ya baba. Tunalitaja hili mapema ili mtu asije akadhani kinyongo alijifunzia ukubwani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981, kisha akajiunga na sekondari ya bweni mwaka 1982, ambako madirisha ya mabweni yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa kuogopa wezi, na mafua yalipoingia mwezi wa sita wasichana wakaangushana kitanda kwa kitanda, hata wa kumpelekea mwenzake maji akakosekana. Dada yetu aling'oa misumari yote ya bweni lake kwa mpini wa kijiko na nyundo aliyoazima kwa mpishi, akasimamishwa shule, baba akaitwa, akaja na ovaroli yake ya kazini, akalitazama dirisha, akamtazama binti yake, akamwambia mwalimu mkuu kwa upole kwamba misumari ile ilipigwa vibaya tangu mwanzo, basi shauri likaishia hapo. Alimaliza sekondari mwaka 1985, akakaa nyumbani akimsaidia mama kushona vifungo, na mwezi Agosti 1988 akaingia chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1991 akiwa na alama nzuri katika kila somo isipokuwa moja lililoitwa mwenendo.

Tarehe 2 Machi 1992 aliajiriwa hospitalini kama muuguzi, akaanzia wadi ya wazazi, akahamia wadi ya upasuaji, na mwaka 2005 akateuliwa kuwa muuguzi kiongozi wa wadi ya watoto njiti, kazi aliyoifanya mpaka mauti yalipomkuta. Kwa wasioijua wadi hiyo, ni chumba kirefu chenye taa za joto na visanduku vya vioo, na ndani ya kila kisanduku kuna mtoto mwenye uzito wa mfuko wa sukari, ambaye mafua ya muuguzi wake kwake si mafua, ni msiba. Dada yetu alipokabidhiwa funguo za chumba hicho aliweka sharti moja tu, kwamba mwenye mafua asivuke mlango, awe mfagiaji, awe bingwa, asifike hata kuaga, apige simu kutoka kitandani kwake, na nafasi yake itazibwa, na mara nyingi aliyeiziba alikuwa yeye mwenyewe.

Sharti hilo halikuwa na jina la mtu. Daktari bingwa wa watoto, ambaye yuko hapa na ameturuhusu tuseme, alikuja raundi siku moja huku akivuta kamasi, dada yetu akampokea mkoba, akamshika kiwiko kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka kwenye gari lake, akamfungulia mlango, akamtakia afya njema, na wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakimfuata wakabaki wamepanga mstari kwenye korido bila kujua waende wapi. Kila mwaka kabla ya msimu wa baridi aliwapanga foleni watumishi wote wachomwe chanjo ya mafua, kuanzia mabingwa hadi wapishi, na mlinzi wa getini, pande la mtu lile mnalolijua, alianguka kabla hata sindano haijamgusa, akachomwa akiwa chini, akaambiwa ashukuru kwamba hakuiona. Wafanyakazi walimnung'unikia, walimwita mkali, walimwita mchokozi, lakini walirudi nyumbani kunyonyesha watoto wao wenyewe wakijua hawakuwabebea maradhi kutoka kazini, na manung'uniko yao yakawa ya mdomoni tu.

Jina la Mama Dirisha lina historia yake, na hapo ndipo inapoingia ndoa. Mwaka 1995 madirisha ya wadi ya wazazi yalipakwa rangi na watu waliokuwa na haraka, yakagandana na fremu, yakawa hayafunguki, na marehemu akaisumbua ofisi ya matengenezo mpaka wakamtafutia seremala ili awaache wapumzike. Seremala huyo alifungua madirisha yote kwa siku mbili, siku ya tatu akarudi kuyakagua, siku ya nne akarudi kuyakagua tena, na wiki iliyofuata dada yetu akamwuliza mbele za watu kama hayo madirisha yana homa hata yakaguliwe kila asubuhi, au kuna mtu anatafutwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Septemba 1996, na shemeji yetu, ambaye leo ameketi pembeni ya jeneza alilolichonga mwenyewe, anasema katika miaka yao yote pamoja hawakuwahi kulala na dirisha lililofungwa hata siku ya mvua, na kwamba aliunda fremu za nyumba yao mara mbili kwa ajili hiyo.

Walijaaliwa watoto wawili, kifungua mimba wa kike aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1998, ambaye ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu, na kitinda mimba wa kiume aliyezaliwa tarehe 4 Oktoba 2003, ambaye yuko sekondari, na ambaye alimwomba msomaji aseme kwamba mama yake alikuwa mcheshi, kwa sababu anaogopa watu watabaki na ukali tu. Alikuwa mcheshi sana. Aliweza kumwigiza kila daktari wa hospitali ile kwa namna anavyopiga chafya, na tuliokuwa tukicheka naye mezani tulijua nani ni nani kabla hajamtaja.

Sasa tunafika mahali ambapo familia imekaa ikashauriana sana, wapo waliosema tupite haraka, na tumeamua hatutapita haraka. Mwezi Januari 2016 hospitali ilipata Mkurugenzi mpya, ambaye wafanyakazi hawakuchelewa kumpa jina la Bwana Mahudhurio. Alibandika getini ubao wa nyota, wadi ambayo hakuna aliyekosa kazi mwezi mzima ikabandikiwa nyota ya karatasi ya dhahabu, na viongozi wake wakapigwa picha na Mkurugenzi, ambaye kila mkutano alijisifu kwamba hajawahi kukosa kazi tangu aajiriwe, awe na homa, awe na kikohozi, na akisha kusema hivyo huzunguka meza akimpa kila mtu mkono. Aliifuta chanjo ya mafua ya wafanyakazi katika mahitaji ya hospitali, akisema hiyo ni anasa. Kisha akatoa amri kwamba simu inadanganya, na kwamba kila anayedai anaumwa ajilete mwenyewe, akae kwenye benchi nje ya ofisi yake, aonekane kwa macho ndipo apewe ruhusa.

Benchi hilo ni la mbao ngumu, linachukua watu sita wakibanana mabega, na lilikuwa kwenye korido isiyo na hata tundu la kupitishia upepo, katikati ya mlango wa ofisi na mlango wa stoo. Hapo walikaa wenye mafua pamoja na waliokuja kuulizia likizo ya uzazi, waliokuja kusaini uhamisho, waliovunjika kidole, wote mzima na mgonjwa wakisubiri kuitwa, na aliyefika na mafua yake akaondoka na ruhusa, aliyefika mzima akaondoka na mafua ya mwenzake. Wauguzi, watu waliosomea namna maradhi yanavyosafiri, wakapangwa kwenye benchi moja ili waambukizane kwa utaratibu. Waliokuwa hawataki kukalia benchi hilo wakaanza kuficha, wakameza vidonge nyumbani, wakaja kazini na macho mekundu wakisema ni vumbi, wakainamia vitanda vya wagonjwa, na nyota za dhahabu zikajaa ubaoni.

Wadi ya watoto njiti haikupata nyota hata moja, kwa sababu kiongozi wake aliendelea kupokea simu na kuwaambia wagonjwa wabaki nyumbani, na alipoulizwa kama haoni aibu kwa nafasi tupu ya wadi yake, alijibu kwamba hapo ndipo mahali pasafi kuliko pote kwenye ule ubao. Katika mkutano wa wakuu wa wadi alimtolea Mkurugenzi uvivu, akamwambia benchi lake linatengeneza wagonjwa kuliko mtaa wowote wa mji huu, na Mkurugenzi akacheka, akawatazama wenzake ili nao wacheke, akasema muuguzi anayeogopa mafua alikosea siku ya kuchagua kazi. Baadhi yenu mlicheka. Mnajijua, nasi tunawajua, na leo mmekuja kutupa pole na tumepokea.

Jumatano tarehe 27 Juni 2018, wauguzi watatu wa wadi yake wakiwa wamelala makwao kwa mafua kwa idhini yake, marehemu aliitwa kwenda kujieleza, akafika asubuhi, akaambiwa Mkurugenzi yuko kikaoni, asubiri kwenye benchi. Alisubiri hapo asubuhi yote, kulia kwake akiwa dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa akitetemeka, kushoto kwake msichana wa maabara aliyekuwa akikohoa ndani ya mtandio wake kwa aibu, na dada yetu, mwenye kifua kile mlichokwisha kukisikia, alikuwa na barakoa moja tu, akaivua akamvisha yule msichana, akamweleza kwamba anayekohoa ndiye anayestahili kuivaa kwanza, kwa sababu ikimzuia yeye inawalinda wote watano waliobaki. Msichana huyo ndiye aliyetusimulia, kwa simu, huku akilia. Adhuhuri marehemu aliingia ofisini, akapewa mkono, akapewa onyo, akatoka.

Siku mbili baadaye homa ilipanda. Alifanya kama alivyowafundisha wengine, akapiga simu alfajiri kwa sauti iliyokwisha kukauka, akasema hatakuja, na karani akamjibu kwa unyonge kwamba ameagizwa kumwambia aje akae kwenye benchi aonekane. Hakwenda. Alijifungia chumba cha uani, akawakataza watoto wake wasiingie, akala chakula kilichoachwa kwenye stuli mlangoni, na onyo la pili likaletwa nyumbani na tarishi wakati yeye hawezi tena kuketi kulisoma. Mafua yaligeuka nimonia, tarehe 5 Julai alilazwa, na kila alipoweza kusogeza ile barakoa ya oksijeni aliuliza jambo lile lile, kama yameingia wadini, na kila siku alijibiwa kwamba hayajaingia, watoto wote wako salama, na hilo halikuwa la kumtuliza mgonjwa, lilikuwa kweli. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 12 Julai 2018, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Jumatatu wiki hii, maiti ikiwa bado haijazikwa, lilibandikwa tangazo kwamba wadi ya watoto njiti nayo itafuata utaratibu wa benchi kama wadi nyingine zote. Siku hiyo hiyo ofisi ya Mkurugenzi ilituletea aya iingizwe katika historia hii, nasi hatutaki kuonekana hatuna adabu, tunaisoma kama ilivyo, kwamba marehemu alikuwa mfano bora wa mahudhurio, hakuwahi kukosa kazi kwa ajili ya maradhi madogo madogo, na aliugua ghafla akiwa katika kutekeleza majukumu yake. Mwisho wa aya. Familia inapenda kusahihisha kwamba marehemu alikosa kazi kila mwaka aliopata mafua, alikosa kwa makusudi, alikosa kwa majivuno, alikunywa supu yake chumba cha uani akisikiliza redio, na akirudi kazini aliwaambia walio chini yake wamwige. Kuugua hakuugua ghafla, aliuguzwa kwenye korido, mchana kweupe, kwa amri. Na ile fremu ya kioo yenye nyota ya dhahabu uliyokuja nayo leo ili iwekwe juu ya jeneza, Mkurugenzi, tumeipokea, iko chini ya meza ya maua, na itabaki chini ya meza.

Jambo jingine ni kuhusu kiti. Shemeji yetu alikwenda hospitalini juzi akaomba apewe lile benchi kama kumbukumbu ya mkewe, mtunza stoo akalitoa kwa machozi, shemeji akalikaza mguu mmoja uliokuwa unacheza, hakulipiga randa wala rangi, akalileta hapa alfajiri ya leo, na ndilo hilo Mkurugenzi amelikalia tangu tuanze. Tunamwona anataka kuinuka. Tunamwomba asiinuke, dada yetu alilikalia asubuhi nzima akiwa na pumu, na historia hii inakaribia kwisha. Ratiba iliyogawiwa inaonesha kwamba baada ya hapa kuna salamu za mwajiri, hilo ni kosa la mchapaji, salamu hizo hazipo. Hatujakusamehe, hatujaribu kukusamehe, na wanaotuambia msiba si mahali pa maneno haya tunawajibu kwamba tulitafuta mahali pengine kwa miaka miwili na nusu, katika kila mkutano, hatukupapata. Wanaokusimamia wewe nao wamekwisha kuambiwa na kaka yetu mkubwa, ana kwa ana, na wamesema watakuita. Tunatumaini watakuwa kikaoni utakapofika.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wagonjwa mahututi, ambao walihangaika na pumzi ya dada yetu kama vile ni ya kwao. Tunamshukuru daktari bingwa wa watoto, aliyefukuzwa na marehemu na bado akaja kila siku kusimama nje ya kioo ili ajibu lile swali lake moja. Tunawashukuru majirani kwa turubai, kwa kuni, kwa maji, na kwa kuwalaza wageni wetu. Tunamshukuru mlinzi wa getini, ambaye amejitwisha kazi ya kusimama mlangoni hapa tangu asubuhi na ndoo na sabuni, na hakuna aliyepita bila kunawa.

Lakini shukrani kubwa kuliko zote tunazipeleka kwa wasiokuwepo. Hospitali ilileta mabasi mawili, ikatangaza kwamba watumishi wote ambao hawako zamu ni lazima wafike mazikoni, na kwamba majina yataitwa garini. Dereva wa gari la wagonjwa hayupo. Msichana wa maabara hayupo. Wauguzi watano wa wadi ya watoto njiti hawapo, wala mpishi, wala yule karani aliyeagizwa kumjibu marehemu kwa simu, wala wengine kutoka karibu kila wadi yenye nyota, kwa sababu wana mafua, na tangu jana jioni wamekuwa wakitupigia simu mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za puani, wengine wakilia, wakiuliza kama tutawachukia wakikosa kumzika. Viti vitupu mnavyoviona pale nyuma ni vyao, familia imeviweka kwa heshima. Wamesema kesho nao watapiga simu kazini, na kesho kutwa, na hakuna hata mmoja atakayejileta kuonekana, na walio zamu leo wamekwisha kukubaliana kuziba nafasi zao, wadi zote, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mkurugenzi, hesabu yako ya leo ni mbaya sana. Dada, waliokosa ni wengi, na wamekosa kwa ajili yako. Pumzika kwa amani, ugomvi tumeupokea sisi.